Pesa Kwanza

Gari la wagonjwa lilipofunga breki mbele ya karakana, muuguzi aliruka kabla halijasimama sawasawa. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa chini. Kisahani cha mashine ya kukatia kilikuwa kimepasuka na kumchana paja. Kaka yake alilibana kwa mikono miwili, damu ikipenya vidoleni.

Muuguzi alifunga mshipi juu ya jeraha, akakaza hadi fundi akapiga ukelele.

"Tumpakie," akamwambia dereva.

Dereva, waliyembandika jina la Kobe kwa kuwa hajui kwenda polepole, hakusogea. Asubuhi hiyo bosi wao, mwenye magari, alikuwa ameapa: Bima ya Afya ya serikali haijamrudishia gharama za safari za dharura tangu mwaka jana; atakayepakia mgonjwa bila pesa mkononi, safari hiyo itakatwa kwenye mshahara wake.

"Kaka," Kobe alisema kwa sauti ya chini, "pesa kwanza."

"Ana kadi ya Bima. Wanamkata kila mwezi."

"Najua. Bima na bosi wanavutana, nyasi ni sisi. Tafuta hata nusu."

Kaka mtu akainuka. Hakutukana. Aliokota nondo, akampiga nayo Kobe ya taya, na muuguzi akasikia mfupa ukikatika. Kobe alipoanguka akaongezwa ya bega, kisha ya mbavu, mpigaji mwenyewe analia kama mtoto. Muuguzi alijitupa katikati. Nondo ikamkosa kichwa, ikavunja taa ya gari.

"Niue na mimi," alisema, "halafu nani atamzuia mdogo wako damu?"

Nondo ikaanguka. Wakawapakia wote wawili, fundi kitandani, Kobe sakafuni akitema meno. Kaka mtu ndiye aliyeshika usukani, mikono ikimteleza.

Fundi alipona, na Bima ikalipa gharama zake. Za Kobe ikazikataa: kaumia kazini, amwone mwajiri. Mwajiri naye akasema hakumtuma kupigana. Muuguzi akamrushia bosi funguo za gari usoni, zikamchana shavu, akaondoka bila kazi.

Alimkuta Kobe wodini, taya limefungwa waya, polisi kando yake akisubiri maelezo.

"Namwelewa," Kobe alisema bila kufungua meno. "Ningekuwa yeye, ningepiga vilevile." Akavuta pumzi, mbavu zikamchoma. "Lakini afungwe. Nina watoto mimi."