Kitufe cha Mjomba

Haya, sogeeni, nina kitendawili: ukoo mzima umelala juu ya kioo, ukimgusa mmoja anafanya kazi palepale, hanung'uniki, wala haombi chai. Ni akina nani hao? Nani kasema picha za arusi? Aa wapi, picha hazifanyi kazi. Mmeshindwa, nipeni mji.

Ni vitufe vya Kobe.

Kobe alikuwa binti anayerekodi muziki kwa kompyuta kwenye studio ya mjomba wake. Jina hilo kapewa na mjomba mwenyewe, kwa vile alivyohangaika na kipanya: bonyeza hapa, fungua pale, shuka chini, kumbe siyo hapo. Alipochoka kuchekwa, akachukua tableti yake yenye ufa pembeni, akaiunganisha na kompyuta, akajipangia vitufe vyake mwenyewe, kimoja kikibeba kazi ya mibofyo mingi. Na kwa kuwa maneno ya ile programu hayakumkaa kichwani, akavipa majina ya ndugu, kila mmoja kwa tabia yake. Shangazi alikata kipande cha sauti, maana shangazi hukata watu kauli. Babu alikurudisha nyuma ulipokosea. Dada Mkubwa ndiye mwenye haraka: umguse mara moja tu, keshachagua kipaza sauti na kuanza kurekodi.

Kwenye kona kulikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa Mjomba.

"Na huyu anafanya nini?" mjomba aliuliza, kainama, miwani kwenye ncha ya pua.

Kobe akajifanya anafuta kioo.

"Ananyamazisha watu, huyo!" akasema mpiga gitaa, na studio nzima ikaangua kicheko.

Mjomba hakucheka. "Sikiliza, mwanangu. Nimeshika kipanya hujaota hata meno. Kesho anakuja mama mshonaji kurekodi. Nikikuona na hicho kichezeo chako, kiti hicho ukiage."

Kobe alikipenda kile kiti kuliko kitanda chake. Lakini alimjua pia mama mshonaji. Yule mama ukimwambia "tunajaribu kipaza sauti," huimba mpaka mwili unakusisimka. Mwambie "sasa tunarekodi," anakauka kama ubao. Mjomba kishampoteza hivyo hivyo, akitafutatafuta kwa kipanya huku mama wa watu anasubiri na hofu inampanda.

Kesho yake Kobe akaja na tableti kwapani, akaiweka mezani mbele ya kila mtu.

"Kobe."

"Abee, Mjomba."

"Jana nilisema nini?"

"Ulisema, na nilisikia. Nikimpoteza mama huyu, kiti nitakiaga bila kufukuzwa. Lakini kwa kipanya simrekodi."

Ng'ambo ya dirisha, mama mshonaji alikuwa ameshavaa hedifoni. "Wanangu, mnagombana au mnafanya kazi?"

"Tunajaribu kipaza sauti tu, Mama. Imba chochote."

Na papo hapo Kobe akamgusa Dada Mkubwa.

Mama akafumba macho, akauimba wimbo wote, mkono mmoja ukipiga paja. Mkono wa mjomba ulianza safari ya kwenda kwenye kipanya, ukaishia njiani. Sauti ya mwisho ilipofifia, kidole cha Kobe kikaenda kwenye kona, kikagusa.

Pap! Umeme ukakatika.

Kila kitu kikazima, ikabaki tableti peke yake inang'aa.

"Umeona sasa?" mjomba akafoka. "Wimbo umekwenda na maji!"

"Kwani mlikuwa mnarekodi?" mama mshonaji akauliza kutoka gizani.

"Ndiyo, Mama. Nisamehe," akasema Kobe.

"Inuka hapo," mjomba akamwambia.

"Siinuki, Mjomba. Umeme urudi kwanza."

Basi wakakaa hivyo, wamenuniana kama paka wawili dirishani. Umeme uliporudi, kompyuta ikajivuta, ikawaka. Kobe akafungua. Wimbo ulikuwepo wote, mpaka ile pumzi ya mwisho.

Mama mshonaji akausikiliza, mkono mdomoni. "Ndio mimi huyo? Basi uacheni hivyo hivyo. Humo ndani msinirudishe tena!"

Mjomba akavuta stuli, akakaa pembeni ya mpwa wake. Akakinyooshea kidole kile kitufe chekundu.

"Sasa niambie. Huyu anafanya nini?"

"Anahifadhi, Mjomba. Wewe hutupi kitu, hata nyaya zilizokufa unaziweka. Lakini ukiniita Kobe tena, namgeuza awe wa kunyamazisha."