Liwali Kapauka

Liwali alikuwa kobe tu, lakini katika ile bustani ndogo ya wanyama pale Raskazone alipendeza kuliko baadhi ya maharusi waliokuja kupiga naye picha. Kazi ya kumpendezesha ilikuwa ya Bi Semeni. Marehemu mumewe, aliyemtunza Liwali kabla yake, alimwachia wosia mmoja: "Asipauke." Basi kila Ijumaa alimpaka mafuta ya nazi, gamba likang'aa kama sufuria mpya.

Sasa gamba hilo lilikuwa na kidonda kinachotoa usaha. Daktari Ritha alimchoma sindano mpaka dozi ikaisha, kidonda kikakauka, watu wakashukuru. Haukupita mwezi, harufu ikarudi. Akabadilisha dawa. Kikakauka, kikarudi tena, safari hii kimechimba. Liwali akakataa hata papai.

"Anadeka huyu," alisema Tahiri, mlishaji mwenzake Bi Semeni. "Mtie na hina, Bi Semeni, pengine anataka kuoa."

Bi Semeni hakucheka. Tahiri akainamisha kichwa. Utani wenyewe ulimtoka kwa hofu.

Asubuhi moja daktari akaja na majibu ya maabara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niambie."

"Bakteria ni walewale. Dawa inawapunguza, haiwamalizi." Akapitisha kidole kwenye gamba, kikateleza. Akakinusa. "Hii nini?"

"Mafuta ya nazi. Kidonda kikikauka tu, namrudishia. Nimwache mgonjwa na mpauko, watu waseme hana mwenyewe?"

Daktari akashusha pumzi. "Bibi, mafuta yanaziba nyufa. Waliobaki humo ndani wanastarehe, maana hao hustawi pasipo hewa. Wakiingia kwenye damu, tumempoteza."

Bi Semeni akakaa mchangani. Kisha akaomba maji ya uvuguvugu na sabuni, akaanza kumsugua Liwali taratibu. Mafuta ya miaka yakatoka, akaona kama mkono wa mumewe nao unafutika humo. Hakuacha. Daktari akakwangua palipooza, akaanza sindano upya.

Ijumaa ikaja harusi. Somo wa bibi harusi, yule kungwi wake, akakunja uso.

"Mama wee! Kobe wenu mbona kapauka hivi? Hana mtu?"

Tahiri alishafungua mdomo. Bi Semeni akamzuia. Alikuwa ameinama, jani la mchicha mkononi.

"Anaye," akasema. "Mwacheni apauke."

Maharusi wakahamia kwa tausi. Liwali akatoa kichwa, akauma ncha ya jani, akaiachia, akauma tena.