Chiriku Anakufa Sura ya Ngapi?

"Babu, Chiriku anakufa sura ya ngapi?"

Mjukuu aliuliza bila kuinua kichwa, kalamu mdomoni, mwongozo wa mtihani umelazwa mezani kati ya chupa ya chai na soksi zake za shule. Mzee alikuwa anakata kucha. Akasita kwenye kidole cha tatu.

"Hafi."

"Anakufa, babu. Kwa homa. Swali la saba hili hapa: jadili kifo cha Chiriku."

"Mimi ndiye niliyemwandika."

"Najua," mjukuu alisema kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. "Lakini anakufa."

Mzee akainuka, magoti yakimlalamikia, akaenda chumbani kuchukua kitabu. Nakala ilibaki hiyo moja. Kampuni iliyokichapa ilishafunga milango, na nakala nyingine alizigawa enzi zile alipokuwa mtu: akipanda basi kondakta anakataa nauli yake, akienda sokoni wanamwita Mwandishi na kumwongezea nyanya. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Siku hizi mtaani ni Babu Miwani, na wachache wanaokumbuka kwamba aliwahi kuandika kitu wanadhani alikuwa akiwaandikia watu barua.

Akamsomea mjukuu ukurasa wa mwisho. Chiriku anatoka wodini amekonda kama ufito, anapanda basi la kwenda chuo cha uuguzi, anapata kiti cha dirishani, na kabla dereva hajawasha gari ameshaanza kumsimulia jirani yake maisha yake yote. Kinaishia hapo.

Mjukuu alisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, huyu mtoto. "Kizuri," alisema. "Ila mwongozo hauna hiyo."

Kuna jambo mzee hakumwambia, maana hajawahi kumwambia mtu. Chiriku alikuwa dada yake. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Nafasi ya chuo alishaipata, sanduku alishalifunga, ndipo homa ikamlaza, na asubuhi moja nesi akavuta pazia na mdomo ule ukanyamaza. Watu walisema kitabu kile kilitia fora kwa ufundi wake. Ufundi gani? Hakukiandika ili asifiwe, ingawa aliposifiwa kichwa kilimvimba kama cha mtu yeyote. Alikiandika ili dada yake apande basi.

Bahati nzuri, Ijumaa ile alikuwa amealikwa shuleni kwa mjukuu, azungumze na watahiniwa. Alivaa koti lake la zamani, kitabu akakitia kwenye mkoba, akaenda akiwa amejiapiza kuyanyoosha mambo.

Mwalimu wa fasihi alimpokea vizuri, hilo lazima lisemwe. Shikamoo ya heshima, kiti chenye mto, chai. Ndiye aliyeandika mwongozo wenyewe. Picha yake ipo nyuma ya jalada, mikono ameikunja, anatabasamu kama mtu aliyeuza ng'ombe mgonjwa kwa bei ya mzima. Mzee hakuzungukazunguka. Alifungua ukurasa wa mwisho akamsogezea.

Mwalimu alisoma, akajikuna kisogo. "Mzee wangu, nakala niliyotumia ilichanika nyuma. Yangu inaishia pale nesi anapovuta pazia. Sasa pazia likishavutwa, mtu anaelewa nini?"

"Anaelewa nesi amevuta pazia."

Mwalimu alicheka sana. Kisha akavuta kiti karibu. "Sikiliza, baba. Wasahihishaji wote wanatumia mwongozo huuhuu. Mtihani ni wiki ijayo. Mtoto atakayeandika Chiriku yuko hai, amekosa. Na mwakani kitabu chako kinatoka kwenye orodha ya vitabu vya shule, usinikasirikie, si mimi niliyeamua. Sasa kwa nini tuwachanganye watoto kwa kitabu ambacho hakuna atakayekisoma tena?"

"Kwani sasa wanakisoma?"

Mwalimu aliangalia saa, akasema watoto wanasubiri.

Ukumbini mwalimu alipanda jukwaani akapigiwa makofi hata kabla ya kufungua mdomo. Alipomtambulisha mgeni rasmi, kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe bado yuko hai!" Wakacheka. Hakuwa na ubaya. Kwenye mwongozo imeandikwa "mwandishi alikuwa". Mzee alisimama, kidole amekiweka kwenye ukurasa wa mwisho ndani ya mkoba. Alishaamua. Wafeli wasifeli, shauri yao. Dada yake hafi mara mbili.

Alianza kwa habari za ujana wake, wakapiga miayo. Akauliza kama kuna swali, na mkono wa kwanza kuinuka ukawa wa mjukuu wake, safu ya pili, vidole vimejaa wino.

"Mgeni rasmi," alisema, kwa kuwa alikatazwa kumwita babu mbele za watu, "kuna wanaosema Chiriku hakufa. Alikufa au hakufa?"

Mwalimu akakohoa.

Mzee alimtazama. Huyu ndiye mtoto aliyekuwa akifunga bandeji mpaka miguu ya viti. Anataka uuguzi, na chuo anachokitaka ni kilekile alichokikosa Chiriku. Kwenye mkoba kidole kilikuwa kimeloa jasho. Akakitoa.

"Alikufa," alisema. "Kwa homa. Sura ya kumi na moja."

Kalamu zikashuka kwenye karatasi ukumbi mzima, akazisikia.

"Kwa nini ulimuua?" akauliza mwingine.

Jibu lilikuwa mezani kwake nyumbani, ukurasa wa arobaini wa mwongozo, alishalisoma akiwa anakunywa chai. "Ili kuonyesha uzembe katika huduma za jamii," alisema.

Mwalimu aliinuka akiongoza makofi. Tangu enzi zake mzee hakuwahi kupigiwa makofi namna ile, na lililomchoma zaidi ni kwamba yalimfurahisha kidogo. Baadaye walipanga foleni wakitaka sahihi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitabu. Alitia sahihi kwenye miongozo, chini ya picha ya mwalimu, moja baada ya nyingine mpaka mkono ukamuuma.

Njiani kurudi, mjukuu alimbebea mkoba. Mzee alitembea roho inamsuta. Aliona mtoto amemfungulia mlango mbele ya watu wote, apite na dada yake, naye akaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Walipofika kona ya fundi viatu alishindwa kuvumilia.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Ulinipa nafasi niseme, nami nikaogopa."

Mjukuu alimtazama, hakuelewa. "Nafasi gani, babu? Ni mimi niliyekosea. Niliwaambia wenzangu ile habari ya basi, darasa zima likavurugika. Ndiyo maana nikauliza, wasikie kwako mwenyewe." Akamshika mkono, uso umemchanua. "Asante sana. Niliogopa utasema ukweli."

Mzee akamwambia si kitu. Kisha akamwomba mkoba, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.