Usukani Niliounyoosha kwa Siri

Wazazi wenzangu, mwenye mtoto fundi atege sikio. Shule yangu ni ya msingi tu, siandiki kwa ustadi, lakini nililolitenda nalijua vizuri.

Binti yangu ni fundi wa magari. Jumamosi moja alibadilisha ncha za zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele ya gari la baba yake. Nilimpelekea maji ya kunawa, nikamkuta chini ya gari anahesabu kwa sauti. Akifungua ncha ya zamani anahesabu mizunguko, akifunga mpya anarudia hesabu ileile. Kumi na nne kushoto, kumi na nne kulia.

Baba yake akalijaribu uani. Gari linakwenda moja kwa moja, usukani umelala upande.

"Hili sasa lina shingo kama ya mama yako," akasema. "Linakwenda barabarani, linatazama jikoni."

"Cheka tu, baba. Kifaa kipya hakilingani sawasawa na cha zamani. Keshokutwa saa mbili nalipeleka kwenye mashine ya kupima magurudumu, fimbo zizungushwe pande zote mbili kwa kipimo, usukani utakaa. Nati za kuzuia fimbo zisijifungue nimezifunga kwa mkono tu, sijazikaza. Mpaka hapo gari lisitoke."

"Wewe ndiye daktari wake. Nitangoja useme."

Haya niliyasikia mwenyewe, nimesimama na kopo la maji.

Tatizo langu ni roho isiyotulia. Mtoto akikohoa chumba cha pili, mimi tayari nimeshika kitasa. Jumapili kutwa nilipita kwenye lile gari, nachungulia kiooni, na usukani umepinda vilevile. Nikajiambia mwanangu amekosea, anaona haya kusema. Na majirani walishamwita Bi Spana kwa kejeli, sasa watapata la kuongeza. Mchana, yeye na baba yake walipotoka, nikamwita fundi wa pale kona.

"Mama, hii nayo ya kungojea mashine?" akacheka. "Nipe dakika kumi."

Akalala chini upande mmoja tu, akazungusha fimbo, akainuka kutazama usukani, akalala tena. Hakuhesabu kitu. Usukani ukanyooka kama rula.

"Na nati?" nikauliza, maana neno hilo nilikuwa nimelisikia.

"Nimeibana kidogo. Binti yako atamalizia."

Nikashusha pumzi. Jioni ile nilikula nikashiba. Binti aliporudi sikumwambia kitu, nikihofia atanuna.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi mume wangu alitoka aende kazini kwa miguu. Alipita kwenye gari, kisha akarudi mlangoni.

"Mama watoto, usukani umenyooka. Binti amemaliza?"

Binti alikuwa bado amelala, hatua nne kutoka niliposimama. Ningemwamsha.

"Amemaliza," nikasema. "Nenda nalo, usichelewe."

Kwenye mteremko wa daraja ile fimbo ilichomoka, gurudumu likaenda linakotaka. Mume wangu hakurudi.

Baada ya mazishi, mzee aliyemfundisha binti yangu ufundi alikuja na fimbo ile imefungwa kwenye gazeti.

"Ilikuwa imeshikwa na nyuzi tatu tu za skrubu," akasema taratibu. "Ulizungusha mara ngapi, mwanangu?"

"Kumi na nne."

Binti akatazama vidole vyake.

"Basi nilihesabu vibaya," akasema. Halafu akaniuliza mimi, "Mama, alisema atangoja. Kwa nini hakuningoja?"

Nilikuwa nakunja mashati ya marehemu. Nikaendelea kukunja.

Miezi minane nilinyamaza. Spana zake akazigawa. Majirani wakasema, si tulisema? Na mwanangu akawa mtu wa kuhesabu. Akipanga sahani anahesabu, sita, kisha anazishusha, anaanza upya. Akifunga mlango anarudi kuushika, tena, na tena. Asubuhi moja alikuwa anafunga vifungo vya blauzi, vitano tu, amefika mwisho anavifungua vyote. Hapo ndipo nilipomwambia. Yote, mpaka lile neno moja la mlangoni.

"Baba aliuliza kama nimemaliza?"

"Aliuliza."

"Kwa hiyo alingoja."

"Alingoja, mwanangu. Na hesabu yako ilikuwa sawa."

Akaketi sakafuni, akalia kilio ambacho msibani hakukitoa. Niliponyoosha mkono akausogeza pembeni, bila hasira, kama mtu anavyosogeza pazia.

"Ulikuwa unaniona na zile sahani?"

"Nilikuwa nakuona."

Jambo ambalo mtoto wako amelisomea, mwulize yeye. Akikuambia ngoja, ngoja, hata kama moyo unakupaa. Na ukishavuruga, sema siku ileile. Mimi niliogopa atanuna siku mbili.

Amerudi gereji, amepanga chumba hukohuko. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema niandike, wanaosema wasome. Jumapili hupita na mkate na sabuni, anaviweka mezani.

"Shikamoo," husema.

"Marahaba, mwanangu."

Neno mama haliweki tena.