Asiyekubali Aseme Kabla ya Ijumaa Jioni

Ijumaa ile asubuhi Katibu alikaa mbele ya kompyuta roho mkononi, akiomba simu isilie, barua pepe isiingie, na mtu yeyote asijaribu kufungua kinywa. Kazi yake ya miaka sita ilitegemea watu kunyamaza mpaka saa sita mchana.

Ukilisikia jambo hili mara ya kwanza utadhani ni utani, lakini wakubwa wa dunia ndivyo wanavyofanya kazi. Nchi kumi na tano zilikuwa zinaunda chombo cha pamoja cha kuondoa hewa ukaa angani. Kupunguza moshi wa viwanda ni kazi nyingine. Hawa walitaka kuitoa ile iliyokwisha kujaa huko juu na kuirudisha ardhini, kwa mitambo ya kuifyonza, kwa mawe yanayosagwa na kumwagwa mashambani yainywe, kwa misitu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwamini mwenzake. Huyu ana mitambo lakini hana mahali pa kuizika hewa yenyewe, yule ana miamba ya kuizika lakini hana mitambo, na wakishirikiana, kila mmoja anarudi kwao kujigamba kwamba tani ile ile ni yake. Bila chombo kimoja cha kupima na kuamua, wangeendelea kujipigia makofi na hewa ingebaki palepale.

Sasa nchi kumi na tano huwezi kuziketisha chumba kimoja kila wiki. Ndiyo maana kuna utaratibu wa ukimya. Katibu anatuma rasimu, anataja siku na saa. Asiyekubali aandike kabla ya saa hiyo, atoe sababu na apendekeze maneno mbadala. Saa ikipita bila neno, wote wamekubali, kwisha habari. Katibu aliupenda utaratibu huu kupita kiasi, hata wenzake ofisini wakambandika jina la Bi Kimya.

Aliyekuwa akimtoa jasho ni mmoja tu, Mjumbe wa Visiwa, mzee aliyekula chumvi nyingi, koti limepauka viwikoni, sauti ya upole kabisa. Mara mbili alikuwa ameuvunja ukimya dakika za mwisho mwisho. Mara ya pili alitaka nchi zinazotoa ardhi zipate viti kwenye baraza la chombo, zisiwe za kuzikiwa tu kama shimo la taka. Katibu alimpigia simu kwa hasira.

"Mzee wangu, umeniua! Miezi yote hiyo, leo ndiyo unakumbuka viti?"

"Shukuru, mwanangu," mzee akamjibu, wala hakupandisha sauti. "Ninayekusumbua bado nimo. Siku ukiona visiwa havijibu lolote, ujue tumekwisha kufungasha virago."

Katibu akacheka bila kupenda. Akaandika kifungu cha viti, na rasimu ikatumwa kwa mara ya tatu. Huo ndio ukimya uliokuwa unaelekea kuisha Ijumaa hii.

Lakini ulikuwapo ukimya mwingine, na huo haukuwa wa mabalozi.

Katibu alikuwa mjane. Alipopata kazi hii nchi ya mbali, mdogo wake wa kike alihamia nyumbani kwake kuwaangalia watoto wawili, "kwa miezi michache tu, Dada, ujipange." Miezi ikazaa miaka. Kifungua mimba akaenda chuo. Kitindamimba, ambaye mama yake alimwacha akiwa na pengo la meno ya mbele, sasa alikuwa binti mrefu, na urefu wenyewe Katibu aliujua kwa picha. Yeye aliishi ghorofani kwenye chumba kimoja na sebule. Alinunua viti vinne vya meza ya chakula, akakalia kimoja, vingine akavitundikia makoti.

Na tabia za kazi, jamani, hazibaki kazini. Katika kundi la familia kwenye simu alianza kuandika kama anavyowaandikia mabalozi: "Napendekeza ukuta wa nyuma upakwe rangi. Asiyekubali aseme kabla ya Jumatano." Mwanzoni waliona raha, wakawa wanapinga kwa fujo. Alipopendekeza kitindamimba anyolewe nywele kwa ajili ya shule, mtoto aliandika kwa herufi kubwa: "NAPINGA! Sababu: nitafanana na kaka. Napendekeza anyolewe kaka." Katibu alicheka peke yake ndani ya lifti mpaka watu wakamtazama.

Kisha pingamizi zikapungua. Zikawa za mwezi kwa mwezi, zikawa za mwaka, zikakatika. Hakuona ubaya. Hata alijisifu siku moja mbele ya wajumbe wakati wa chai, "Kwangu nyumbani mambo yanapita bila mjadala. Laiti na nyie mngekuwa hivyo!" Wote waliangua kicheko isipokuwa Mjumbe wa Visiwa, aliyekoroga chai yake tu.

Sasa, Jumatatu ya wiki hiyo, wajumbe walimwomba awe Mkurugenzi wa kwanza wa chombo kipya, kikipita. Miaka minne mingine. Jibu lake walilitaka Ijumaa, kabla ofisi hazijafungwa. Jioni ile akaandika kwenye kundi: "Wapendwa wangu, nimeombwa kuongoza chombo tulichokijenga. Ni miaka minne tena. Napendekeza nikubali. Asiyekubali aseme kabla ya Ijumaa jioni."

Alama za buluu zikatokea. Mdogo wake alikuwa amesoma. Kifungua mimba alikuwa amesoma. Kitindamimba alikuwa amesoma kabla ya wote. Jumanne kimya, Jumatano kimya.

Tuseme ukweli, kwa sababu mwenyewe aliukwepa mpaka Alhamisi: alitaka apingwe. Aliuandika ujumbe ule akitumaini kwamba mmoja wao, hata mmoja, atasema, wewe mama, hebu rudi. Kuomba moja kwa moja aliona haya. Alijua kuuliza kwa njia ile moja tu, na njia ile ukiitumia, anayenyamaza amekubali.

Basi ikafika Ijumaa, na saa sita ikafika, na ikapita. Hakuna aliyeandika. Mkataba umepita! Nchi kumi na tano, chombo kimoja, kipimo kimoja. Katibu aliruka kutoka kitini, akafungua mlango apate wa kumkumbatia. Ukumbi wa nje ulikuwa mtupu, wenzake wengi Ijumaa hufanyia kazi majumbani. Mashine ya maji ya kunywa ilikuwa inanguruma yenyewe pale pembeni. Akarudi ndani akafunga mlango.

Simu ililia mara moja tu.

"Hongera, mwanangu," alisema Mjumbe wa Visiwa. "Leo nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili."

"Ahsante, Mzee. Viti vyenu vipo."

"Nimeviona. Na huo ukurugenzi, nyumbani wanasemaje?"

"Hawajapinga."

"Hawajapinga," mzee akarudia polepole. "Haya, mwanangu. Pumzika leo." Akakata.

Katibu alibaki na simu mkononi. Virago. Neno lile la mzee lilimrudia lote kama lilivyosemwa, na safari hii hakucheka.

Mchana kutwa barua yake ya kukubali ilikuwa wazi kwenye kompyuta, imebaki kutumwa. Kila simu ilipotikisika aliinyakua. Mara ya kwanza lilikuwa tangazo la mtandao. Mara ya pili ilikuwa kundi la familia, na moyo ukamlipuka. Mdogo wake aliandika: "Bomba la jikoni limepasuka tena." Kifungua mimba akajibu: "Mwite fundi yule mfupi, siyo yule mlevi." Kitindamimba akatuma picha ya ndoo. Waliendelea hivyo, bomba, fundi, ndoo, chini kabisa ya ujumbe wake wa Jumatatu, wamejaa uhai na utani wao. Wala hawakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililomuuma. Kinyongo angalau kingekuwa cha kumhusu yeye.

Jua lilipoanza kushuka nyuma ya majengo, Katibu akapiga moyo konde. Akaandika kwenye kundi: "Mimi napinga."

Kitindamimba akajibu papo hapo: "Mama, umekosea kundi?"

"Sijakosea. Lile la Jumatatu. La miaka minne. Napinga."

"Kumbe mtu anaruhusiwa kujipinga mwenyewe?"

"Anaruhusiwa. Na mimi ni mjumbe."

Kisha binti akaandika: "Anayepinga atoe sababu. Kanuni zako hizo, Mama."

Mwanamke aliyewaandikia mawaziri kurasa kwa kurasa za sababu alikaa anakitazama kile kisanduku kitupu cha kuandikia. Aliandika "kwa kuzingatia hali," akafuta. Aliandika "baada ya kutafakari kwa kina," akafuta na hiyo. Mwisho akaandika: "Niko peke yangu huku. Nimechoka. Nataka kurudi nyumbani, kama bado pana nafasi."

Alama za buluu, moja baada ya nyingine. Wote watatu. Hakuna aliyeandika. Katibu, bingwa wa ukimya, hakujua huu una maana gani, na alijuta kuishi miaka yote ile akidhani anajua.

Kisha kitindamimba: "Chumbani kwako mama mdogo ameweka cherehani na vitambaa vya wateja. Hata pa kukanyaga hakuna."

Machozi yakamlengalenga. Basi, alijisemea, nimechelewa. Akanyoosha mkono kwenye kompyuta aitume ile barua ya kukubali, na simu ikatikisika tena.

"Mama mdogo, soma hapa," binti alikuwa ameandika. "Napendekeza cherehani ihamie sebuleni. Asiyekubali aseme kabla ya Jumapili."

Hata dakika haikupita.

"NAPINGA!" mdogo wake akajibu. "Sababu: sebuleni hakuna mwanga, nitajishona vidole. Napendekeza barazani. Na Dada aseme anafika lini, mimi nifungashe vitambaa, siyo kukurupushwa!"

Katibu aliisoma ile NAPINGA, akaisoma tena. Akaifuta barua ya kukubali, akaandika nyingine ya mistari miwili ya kushukuru na kukataa, akaituma kabla ofisi hazijafungwa. Halafu akajiinamia mezani, pale pale ofisini, akalia kwa sauti, maana hakukuwa na mtu wa kumsikia.