Gereji ya Mueni

Tangu Mueni aende kukaa kwa dadake kwenye baridi ya Limuru, Absalom alilala upande wake ule ule wa kitanda. Upande wa pili aliuacha kama ulivyo, shuka limetandikwa.

Hawakuwa wamegombana. Mueni alikuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kilichomwandama zaidi ni joto. Kukiwa na ubaridi alitembea na mkongojo wake, akapika, akacheka na watu. Joto likipanda, miguu ilimlegea, kijiko kikamponyoka mkononi, macho yakaingia ukungu. Akipoa, nguvu zilimrudia. Lakini kwao Port Reitz, Mombasa, mwezi wa pili hakupoi, na vyumba vyao vya kulala vilikuwa juu, chini ya mabati, mwisho wa ngazi asizoweza tena kuzipanda.

Absalom alikuwa kwenye zamu yake ya stoo, uwanja wa ndege, gereji ilipomjia akilini. Ilikuwa chini, haina hata kidato kimoja, na upande wa nyuma ukuta wa jirani uliitilia kivuli mchana kutwa. Jioni hiyo alimpigia simu Ngowa, fundi wa viyoyozi kutoka Kisauni.

Ngowa alifika kesho yake, akazunguka gari, akacheka kidogo. "Mzee, AC hutiwa ndani ya gari. Hii ya kulitilia nyumba yake sijawahi kuiona."

"Gari litatoka. Anakuja mke wangu."

Fundi akaacha mzaha. Alishika ule mlango mkubwa wa chuma, akautoa mkono upesi. "Huu ndio taabu. Unashika moto kama kikaango, na hapa chini paka anapita. Nikifunga mashine bila kuuondoa, utakuwa unaipoesha barabara."

"Tuuondoe, basi."

"Tukishajenga ukuta gari haliingii tena, mzee."

"Najenga."

Mlango wa chuma ukatolewa, ukuta wa mawe ukapanda, ukaachiwa mlango mdogo wa mbao, mpana wa kutosha mtu na mkongojo wake. Chini ya mabati zikapigiliwa mbao. Ngowa alitoboa ukuta wa nyuma, akaulaza mpira wa maji ukiinamia nje, akafunga ile mashine kubwa upande wa kivulini. Absalom mwenyewe alipiga magoti akasugua sakafu kwa sabuni, siku baada ya siku, mpaka harufu ya mafuta ya gari ikakubali kutoka. Kisha akashusha kitanda.

Kiyoyozi kilipowashwa mara ya kwanza, alikaa chini yake peke yake akampigia Mueni, akaisogeza simu karibu.

"Unasikia?"

"Nasikia kama mvua ya mbali. Baba Griffin, yaani nije nikae mahali pa gari?"

"Ndiyo."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Humo humo."

"Wewe na baridi? Ulikuja huku Limuru ukalala na soksi."

"Nitavaa soksi."

Alikuja kwa treni. Absalom alimpokea kwa gari stesheni ya Miritini, na njia nzima hakuacha kumtazama, mpaka Mueni akamwambia atazame barabara. Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Mueni alichambua kunde kitandani, akamcheka mumewe aliyevaa sweta Mombasa. Asubuhi mapema, kabla jua halijashika, walitoka wakaketi uani na chai.

Lakini alasiri moja Absalom alimkuta amesimama, sikio mlangoni. Nje wanawake wa jirani walikuwa wakizungumza, wakicheka jambo.

"Kule nilikuwa nikitamani Port Reitz," Mueni alisema. "Nimefika, na bado naitamani."



Siku moja baada ya chakula cha mchana stima ikapotea. Chumba kilichozibwa vizuri kuzuia joto kikaanza kulihifadhi. Absalom alifungua mlango na dirisha, haikufaa kitu. Mueni alikuwa ameshaanza kuteleza kitandani, mikono imelegea, maneno yanamtoka nusu nusu. Gari lilikuwa juani tangu asubuhi, ndani yake kama tanuri. Alimwinua mkewe asijue ampeleke wapi.

Mwanabibi, jirani yao, aliuona mlango wazi akachungulia. "Usimbebe, baba. Mrudishe alale."

Alikimbia kwake akarudi na leso zinazochuruzika maji, na bakuli la barafu za ubuyu anazowauzia watoto, bado ngumu. Alimfunika Mueni kwa leso, akamweka barafu shingoni na kwapani. Wanawake wengine wakaja nyuma yake wakipepea kwa vifuniko vya sufuria. Polepole vidole vya Mueni vilijikunja vikashika barafu moja, akaipeleka mdomoni.

"Tamu," alisema, na wote wakacheka.

Stima ilirudi magharibi. Wageni walipoondoka Absalom alisema, "Kesho nakurudisha Limuru. Nimekosea."

"Nani kakwambia nataka kurudi?"

"Nilivyokuona leo."

"Umeniona alasiri moja. Muda wote ule nilipokuwa kule, ulikuwa ukiniona?"

Mueni hakuondoka. Mwanabibi na wenzake wakaanza kuja alasiri na mikeka yao na watoto wao wachanga, wakisema wamefuata baridi ya bure, na gereji ikajaa mazungumzo. Ngowa naye alirudi akafunga betri ya kusukuma feni stima ikikosekana.

Hata hivyo, jioni moja, wageni wamekwenda, Mueni alikaa akitazama dirishani watu wakitoka sokoni na vikapu, migongo imelowa.

"Natamani kwenda sokoni kwa miguu," alisema. "Saa sita ya mchana. Nitokwe na jasho kama watu."

Absalom alivuta sweta lake, akaketi karibu naye, wakawatazama wapita njia mpaka barabara ikawa tupu.