Vicheko vya Darini

Kitindamimba aliingia kwa mlango wa jikoni saa nne asubuhi, taya limevimba, futi ya kupimia ingali inaning'inia shingoni. Alitoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha sare za shule, anakoshona. Mama yake alikuwa akichambua mchele. Mjomba alikuwa bafuni akiwalisha bata wake sita, ambao makazi yao ni beseni la kuogea.

Miaka ishirini na miwili nyuma, watu wa sinema waliipenda nyumba hiyo kwa vituko vyake, wakapiga filamu ya kuchekesha humo humo, kila mtu akiigiza alivyo. Kitindamimba, akiwa na miaka saba, alitumbukia kwenye pipa la unga. Nchi nzima ilivunjika mbavu. Watu wa sinema walipofungasha vyombo vyao walivisahau vicheko, navyo vikabaki darini. Tangu hapo, mtu wa nyumba hiyo akilalamika, dari hucheka. Naye husubiri kicheko kiishe ndipo aendelee, kama mtu anavyosubiri treni ipite.

"Mama, mume wangu amenipiga tena."

Dari ikacheka. Mama akasubiri, akatoa chuya mbili.

"Safari hii kwa pasi."

Huko juu mtu mmoja alicheka mpaka akapaliwa.

"Ilikuwa ya moto?" mama akauliza.

"Hapana. Umeme ulikuwa umekatika."

Dari ikaangua kicheko, vumbi likadondokea kwenye ungo. Mama mwenyewe aliuma mdomo.

"Nisamehe, mwanangu. Ni hivyo unavyoyasema."

"Nayasemaje?"

"Kama kwenye ile filamu."

Basi akaenda kituo cha polisi, ambako dari ilikuwa dari tu. Askari akatoa karatasi, akaandika tarehe, kisha akamtazama vizuri.

"Hebu ngoja. Wewe si yule mtoto wa pipa la unga?"

Akawaita wenzake. Wakamwomba aseme yale maneno aliyosema alipoibuka, mweupe mpaka kope. Kitindamimba alidhani akishayasema wataandika.

"Nani amezima jua?" akasema.

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, naye alishazoea kuwa nguruwe. Karatasi ikabaki na tarehe yake.

Saa kumi na moja jioni, Kitindamimba akiwa amesharudi kwa wazazi wake, mume akaja. Alivua viatu mlangoni, akawaamkia wakwe zake, akaketi pembeni ya kiti kama mgeni mwenye adabu.

"Wazazi wangu, nimekuja kumchukua mke wangu. Nampenda, na nyumba bila yeye haina maana."

Watu wote wakatazama juu. Palikuwa kimya. Kisha yakaja makofi, ya kwanza tangu filamu ile, ya watu wengi waliosimama.

Baba akashusha pumzi. "Umesikia, binti yangu? Hata wao wameridhika."

"Baba, ataniua," Kitindamimba akasema. Mume alikuwa ameshamshika mkono, wakielekea mlangoni. "Ataniua, na siku hiyo nyinyi..."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote. Baba na mama walikisubiri kiishe, kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Mjomba aliinua kidole kuomba utulivu. Kilipopoa, gari lilikuwa limeshakata kona, na hapakuwa na mtu wa kuimalizia ile sentensi.